Mradi mkubwa ukija kijijini, uliza ripoti kabla hujafungua soda

Kazi yangu ni kuzunguka vijiji vya huku pwani nikielezea watu sheria za mazingira, taasisi yetu ndo inanilipa kwa hiyo kazi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: sisi watu wa kawaida tutauzuia vipi mradi wa mabilioni? Wengi wanadhani mpaka uwe na profesa wa kupima moshi. Mimi huwajibu kwa kesi ya Lamu, manake ile kesi kila mtu ameisikia lakini wengi wanaijua nusu.

Tarehe 7 Septemba 2016 NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya Kenya, iliipa leseni kampuni ya Amu Power kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, kama kilomita 20 hivi kutoka mji wa kale wa Lamu, mji ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ulikuwa uwe wa kwanza wa aina hiyo Kenya, megawati 1,050. Ujue wakati huo Kenya nzima jioni ikiwa imewasha taa, pasi, friji na viwanda, matumizi yote yalikuwa hayafiki megawati 2,000, sasa piga hesabu mwenyewe. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, ya Kitui ati yangefuata baadaye.

Wavuvi hawakuwa wanaongea habari ya kaboni. Wao walikuwa wanauliza maji. Mtambo unavuta maji ya bahari ya kujipoza halafu unayarudisha yakiwa na joto, je vile visamaki vinavyolelewa kwenye mizizi ya mikoko vitaenda wapi, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu? Jivu litalazwa wapi? Mvua ya masika ikilipiga hilo jivu litateremkia wapi? Haya ni maswali ya kitaalamu kabisa, tofauti ni kwamba aliyeuliza amevaa kikoi.

Niseme na upande wa pili nisionekane napendelea. Kuna vijana waliutaka ule mradi, walikuwa wanataka kazi, na kuna wenye mashamba waliokuwa wanasubiri fidia. Hao si wasaliti. Mtu asiye na kazi ukimwambia habari ya kasa na kamba atakuona unamchezea, na ukitaka kutetea kijiji lazima uanze kwa kukaa na hao, sio kuwazomea.

Sasa hapa ndo penye nusu ambayo watu hawaijui. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wananchi wa pale, na wakazi kadhaa walienda kwenye tribunali ya mazingira, ile NET, Novemba 2016. Kesi ikavutwa mpaka tarehe 26 Juni 2019 ndo leseni ikafutwa. Na kikubwa kilichoiangusha ile leseni hakikuwa moshi wala jivu, ilikuwa mikutano. Kampuni ilikuwa imefanya mikutano ndiyo, lakini mikutano ya mwanzo, ile ya kuja kujitambulisha na kusifia mradi, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Ripoti yenyewe ilipotoka, ile inayosema madhara ni haya na haya na tutayapunguza hivi, watu hawakurudishiwa wakaijadili. Tribunali ikasema huko sio kushirikisha umma, ikaongeza pia kwamba sheria ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikaitupa.

Kanuni zinazohusika sio siri, ni za 2003. Mwenye mradi anatakiwa abandike matangazo sehemu ambazo watu wanapita, atangaze kwenye gazeti la nchi nzima wiki mbili mfululizo, atangaze redioni angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili, kwa lugha rasmi na kwa lugha ya watu wa pale, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na wale watakaoathirika. Mitatu, sio mmoja wa asubuhi na nyama choma. Sikwambii haya uyakariri, nakwambia ili siku mtu akija na gari la vioo vyeusi ujue cha kumuuliza.

Kitu ninachokiogopa mimi kuliko gari hilo ni karatasi ya mahudhurio. Kuna baraza moja nilihudhuria chini ya mwembe, mradi wenyewe nauacha bila jina, karatasi ikapitishwa ikiwa na safu nne, jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, na juu kabisa penye kichwa pamebaki wazi. Hakuna aliyeshtuka. Watu wanasaini huku wanaangalia kreti ya soda inafunguliwa. Ikamfikia mama mmoja wa makamo, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akamuuliza yule kijana wa kampuni, mwanangu hapa juu utaandika nini tukishaondoka? Kijana akacheka akasema ni ya kuhudhuria tu mama. Akajibiwa, basi liandike hilo neno sasa hivi nilione. Kijana akaanza kutafuta kalamu na kalamu anayo mkononi! Mama hakungoja, akaandika jina lake na pembeni yake akaongeza maneno manne, "nimekuja tu, sijakubali mradi", akatoa simu akapiga picha. Karatasi ilipomaliza kuzunguka niliichungulia, wote waliosaini baada yake wameandika hivyohivyo, mpaka mzee mmoja ambaye hajui kusoma aliyemwomba mjukuu wake amwandikie.

Mimi na digrii yangu nilikuwa nimekaa palepale na sikuwa nimewaza hilo, nakiri.

Kitu kingine ambacho watu wanakosea ni kudhani ukienda mahakamani lazima uonyeshe umeshaumia. Kenya sivyo. Katiba ya 2010 kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba anayelalamika hahitaji kuthibitisha kuwa kuna mtu amepata hasara au madhara. Yaani unaruhusiwa kwenda kabla mti haujakatwa. Na hapo kuwahi ni muhimu mno, angalia bandari ya Lamu: mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki za wavuvi zilivunjwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600, lakini wakati huo mkondo wa kupitisha meli ulishachimbwa. Pesa ni pesa, ila matumbawe yaliyochimbwa hayajui kupokea M-Pesa.

Mlango mwingine ni wa wenye pesa. Mradi mkubwa haujengwi kwa pesa za mfukoni, kuna benki nyuma, na benki haipendi kelele. Wangari Maathai alilijua hili zamani, mwaka 1989 lile jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza bustani ya Uhuru Park, Nairobi, lilikwama baada ya yeye kuandika barua nyingi mno huku na huko, waliotakiwa kutoa mtaji wakaingiwa baridi. Kwa Lamu pia, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijiondoa 2019 na benki ya Kichina ya ICBC ikafuata 2020. Kwa hiyo mkiambiwa "mradi huu umeshapitishwa", ulizeni umepitishwa na nani na nani anaugharimia, mara nyingi hayo ndo majibu yanayotoka kwa shida.

Tarehe sasa. Leseni ikishatolewa una siku 60 za kukata rufaa kwenye tribunali, na siku hazikungoji umalize msimu wa pweza. Kabla ya hapo, ripoti ikiwa wazi kwa maoni, waandikie NEMA barua. Wengi wanaogopa hapa kwa sababu ya Kizungu, na mimi huwa naona haya kwa niaba ya ofisi zetu, kwa sababu Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba, kifungu cha 7. Andika kwa Kiswahili, hata kwenye karatasi ya daftari la shule. Sema wewe nani, unaishi wapi, unavua au unalima nini, ni ukurasa gani wa ripoti haukubaliani nao na kwa nini. Kama ripoti hukupewa, basi sema hivyo, hilo peke yake ni hoja kubwa. Fanya nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakupigie muhuri wa kupokea wenye tarehe, na usiondoke pale kaunta bila huo muhuri hata wakikwambia karani ameenda kula.