Je, wajua? Uswisi huwezi kushtakiwa kwa kupakua filamu ya wizi, ila programu ni habari nyingine

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaambia watu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba Uswisi kupakua kitu cha wizi mtandaoni ni halali. Filamu, muziki, programu kama Photoshop ya kuhariri picha, chochote. Ujerumani, hapo ng'ambo tu ya mpaka, ukifanya hivyo wakili anakuandikia barua. Ni habari tamu ya kumsimulia fundi anayekupigia Windows kwa flashi yake, huku ufunguo wa leseni ameuandika kwa kalamu nyuma ya boksi la simu. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Nusu ya pili, ile ya Photoshop, ni uongo, na imekuwa uongo tangu 1993.

Tuanze na nusu ya kweli. Konstanz ni mji wa Ujerumani, Kreuzlingen ni wa Uswisi, na miji hiyo imegusana kiasi kwamba huwezi kujua umevuka nchi mpaka usome vibao. Kando ya ziwa uzio wa mpaka uling'olewa, na tangu 2007 mahali pake pamesimama sanamu 22. Chukua watu wawili, mmoja kila upande wa sanamu hizo, wanapakua filamu ileile iliyowekwa mtandaoni bila ruhusa ya mwenyewe. Wa Kreuzlingen hajavunja sheria. Wa Konstanz amevunja.

Kifungu cha 19 cha sheria ya hakimiliki ya Uswisi kinaruhusu kazi iliyokwisha kutangazwa itumiwe kwa matumizi binafsi: wewe, ndugu zako, marafiki wa karibu. Hakiulizi nakala imetoka wapi. Ujerumani nayo ina ruhusa ya namna hiyo, ila tangu 2003 imewekewa sharti kwamba chanzo kisiwe kilichotengenezwa kiharamu waziwazi, na mwaka 2008 likaongezwa la kitu kilichowekwa mtandaoni kiharamu waziwazi. Tofauti nzima imebebwa na maneno hayo machache.

Sasa kosa langu. Kifungu hichohicho cha 19 kina fungu la nne, sentensi moja fupi: kifungu hiki hakihusu programu za kompyuta. Basi. Mimi nilisoma fungu la kwanza, nikafurahi, nikafunga ukurasa. Kwa hiyo yule mtu wa Kreuzlingen akimaliza filamu yake akapakua na Photoshop iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli yake ya leseni, amevunja sheria sawasawa na mwenzake wa Konstanz, hata kama ataitumia kupunguza ukubwa wa picha za harusi ya shangazi na asimwonyeshe mtu.

Kwa nini programu ibaguliwe? Waliokulia kwenye kaseti wataelewa upesi. Unakaa na redio, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, unamsubiri mtangazaji anyamaze. Mara nyingi hanyamazi, na nakala yako ya wimbo inabaki na sauti yake ikituma salamu hadi kaseti ichakae. Watunga sheria wa Ulaya waliona hakuna askari atakayeingia sebuleni kwa mtu kuzuia hilo. Ujerumani ikawa ya kwanza, mwaka 1965, kuamua hivi: rekodini, ila bei ya vifaa iongezwe kidogo na nyongeza hiyo wapewe watunzi. Uswisi ikafuata mkondo huo, na leo tozo hiyo ipo hata kwenye kumbukumbu ya simu za kisasa. SUISA, chama cha haki za watunzi wa muziki, ndicho kinachoikusanya. Mswisi anayepakua wimbo, basi, hachukui bure kabisa. Alishachangia kidogo siku aliponunua simu.

Waandishi wa programu hawamo kwenye kapu hilo. Hawapati mgao, na kazi yao haikuingizwa kwenye ruhusa.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niache kuona fungu la nne kama upendeleo kwa kampuni kubwa. Fikiria fundi cherehani. Ukimpiga picha mteja wake aliyevaa gauni, una picha ya gauni. Nzuri, lakini huwezi kuivaa. Ukinakili zile karatasi zake za vipimo anazokatia kitambaa, umeondoka na duka lake, kwa sababu sasa unaweza kutoa gauni lilelile mara elfu moja. Wimbo wa kaseti ulikuwa picha, tena yenye mikwaruzo. Programu ni zile karatasi. Nakala ya mia inafanya kazi sawa na ya kwanza, na inazalisha: barua, mahesabu, ramani za nyumba. (Tangu muziki uwe wa kidijitali mfano huu umelegea upande wa wimbo, nakubali. Lakini sheria hizi ziliandikwa wakati kaseti bado zinavuma.)

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo wanasheria walihangaika nalo kweli. Kusikiliza wimbo si kuunakili. Kuendesha programu ni kuinakili, kwa sababu kila unapoifungua kompyuta huitoa kwenye diski na kuandika nakala yake kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda. Ni kama kitabu ambacho huwezi kukisoma mpaka kwanza ukikopi kwa mkono, kila siku, upya. Kwa kitu cha aina hiyo, ukisema "kunakili nyumbani ruksa" umesema "kutumia bila kulipa ruksa", na mwenye programu atauza nakala moja tu mtaa mzima. Ndiyo maana sheria iliruka swali la mahali pa kunakilia ikamtazama mtu: je, ana haki ya kuitumia? Ujerumani ilifika hapo kupitia agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1991, ikaliingiza kwenye sheria yake 1993. Uswisi si mwanachama, lakini sheria yake mpya ilianza kutumika mwaka huohuo na jibu lake ni lilelile. Zote mbili humwachia mnunuzi halali nakala moja ya akiba, na mkataba wa leseni hauwezi kumnyang'anya.

Pale ambapo nchi hizi zinaachana ni kwenye hasira. Neno la kawaida la Kijerumani ni Raubkopie, na Raub ni unyang'anyi, ule wa kutumia nguvu. Anayekopi CD chumbani kwake anapewa jina la mtu aliyekukaba njiani. Mwaka 2003 wenye sinema wa Ujerumani walianzisha kampeni yenye kaulimbiu kwamba wanaonakili hivyo ni wahalifu, wakitumia neno Verbrecher. Kwa sheria ya jinai ya Ujerumani, Verbrechen ni kosa ambalo adhabu yake haishuki chini ya mwaka mmoja jela. Kukiuka hakimiliki kwa mtu wa kawaida ni faini au kifungo kisichozidi miaka mitatu, bila kiwango cha chini. Kisheria, basi, kaulimbiu yenyewe ilikuwa si kweli. Uswisi kwa kosa hilohilo ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, tena mpaka aliyekosewa alalamike.

Na zile barua za mawakili? Hizo zinatokana zaidi na torenti, na hapa pia nilikuwa nimeelewa vibaya. Fikiria darasa lenye kitabu kimoja na wanafunzi 40. Kila mmoja anapewa kurasa chache, anazinakili, kisha wanabadilishana: nipe zako nikupe zangu. Mwishowe kila mtu ana kitabu kizima, na karibu kila aliyepokea ametoa pia. Torenti ni darasa hilo. Unapopakua, mashine yako inagawa vipande kwa wengine, na kugawa ni haramu kote kuwili, iwe filamu au programu. Kwa maana hiyo hata Mswisi wangu wa filamu yuko salama tu akipakua kwa njia isiyogawa. Wawindaji, yaani kampuni zinazotumwa na wenye haki, wanajiunga na darasa kama wanafunzi, wanaandika anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ya kila anayewapa ukurasa. Ujerumani mahakama inaweza kuamuru kampuni ya intaneti itaje jina la mteja, na barua inafuata, na bili ya wakili ndani yake.

Uswisi mwindaji ndiye aliyekamatwa. Logistep, kampuni ya Uswisi iliyokuwa ikikusanya anwani hizo kwa niaba ya wenye haki, ilishindwa mbele ya Mahakama Kuu ya Shirikisho Septemba 2010: anwani za IP ni taarifa binafsi, na kuzikusanya kisirisiri ni kosa. Marekebisho yaliyoanza Aprili 2020 yamelegeza hilo, mwenye haki akitaka kufungua mashtaka ya jinai. Ruhusa ya kupakua filamu kwa matumizi binafsi hayakuigusa.

Je, ukali wa Ujerumani umepunguza uharamia wa programu? BSA, umoja wa kampuni za programu, ilikuwa ikikadiria sehemu ya programu zisizo na leseni kwa kila nchi, na katika ripoti zake za muongo uliopita Ujerumani na Uswisi zinatembea bega kwa bega, karibu moja ya nne kushuka hadi kama moja ya tano. Haya ni makadirio ya muuza duka kuhusu alichoibiwa, tuyachukue hivyo. Tena nchi zote mbili ni tajiri, na mwenye hela hununua leseni kwa urahisi zaidi kuliko mwanafunzi asiye nayo. Lakini yanaafikiana na fungu la nne: kwenye ruhusa ya kunakili programu, tangu 1993 sheria hazijatofautiana.

Kilichobaki ni michezo ya kompyuta. Ina picha, muziki na hadithi kama filamu, lakini ndani ni programu tupu, na mamlaka ya hakimiliki ya Uswisi huko Bern inaihesabu upande wa programu. Hata hivyo, Novemba 2011 serikali ya Uswisi ilipotoa ripoti yake maarufu ya kusema sheria isibadilishwe, ikikadiria kwamba hadi theluthi moja ya wakazi waliozidi miaka 15 hupakua bila kulipa, ilitaja kwa pumzi moja muziki, filamu, na michezo.