Maana ya picha ya ubatili

Picha ya ubatili ni picha ya mtu, iwe ya kuchorwa au ya kupigwa kwa kamera, ambamo sura ya mhusika huwekwa pamoja na vitu vinavyowakilisha wakati unaopita na ujana unaofifia. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini vanitas, ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hulikuta katika Mhubiri: mambo yote ni ubatili.

Mtindo huu ulishamiri Uholanzi katika karne ya 17, hasa katika mji wa Leiden. Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote ni kazi ya David Bailly ya mwaka 1651, aliyoichora akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Ameketi kijana, naye ameshika picha ndogo ya mzee. Kwa kawaida huelezwa kwamba mzee yule ni Bailly wa mwaka ule, na kijana ni Bailly wa zamani. Kwa hiyo kijana tunayemwona kama yu hai ndiye aliyekwisha kupita, na mzee aliyefungiwa ndani ya fremu ndiye aliyeshika brashi. Mezani pana fuvu, saa ya mchanga, mshumaa uliozimika na maua, huku mapovu ya sabuni yakielea hewani.

Alama hizo, hata hivyo, hazihami bila kubadilika maana. Iringa, fuvu haliwezi kunena habari za kifo peke yake, kwa sababu mtazamaji wa hapa humkumbuka kwanza Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambaye fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Hapo linasimulia heshima iliyoporwa, jambo zito lisilofaa kufanywa pambo. Ningependa wachoraji wetu wachukue maua ya uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambayo huchanua wakati wa mvua kisha uwanda ukabaki nyasi tupu, au moshi, kwa kuwa wahenga walikwisha kusema kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Ikumbukwe pia kwamba si kila picha ya mzee ni picha ya ubatili. Bibi wa Makete akichorwa na mikunjo yake tu, tumeonyeshwa umri. Akichorwa jikoni asubuhi ya baridi, moshi ukipita mbele ya uso wake na mkononi ameshika picha yake ya usichana, tumeonyeshwa wakati wenyewe ukipita.