Kwa nini tangi la lita 5,000 linatoa maji kiduchu bafuni?

Dada yangu anaishi Kigamboni. Mwaka jana aliondoa tangi lake la lita 2,000 akanunua la lita 5,000, kwa kuwa fundi alimwambia tangi kubwa lina presha zaidi. Likajazwa, akafungua shawa, maji yakatoka yaleyale ya zamani: uzi mwembamba unaoteleza ukutani. Iliniuma, maana hela ile aliidunduliza kwa miezi.

Maji hayajali ukubwa wa tangi. Kinachoyasukuma ni kimo, yaani umbali wa wima kutoka uso wa maji tangini hadi kwenye shawa. Mwanahisabati Simon Stevin aliliandika jambo hili tangu 1586. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban baa 1. Sasa chukua stendi ya tangi ya mita 3 na shawa iliyo mita 2 kutoka chini. Tangi likiwa na maji ya kina cha mita 1.5, kimo ni mita 2.5 tu, robo ya baa. Maji yakikaribia kwisha, inabaki mita 1. Ndiyo maana wa alfajiri anaoga vizuri, na anayerudi kazini saa mbili usiku analalamika.

Basi tuinue stendi? Inasaidia, lakini si kama watu wanavyotegemea. Ukiongeza kimo mara mbili, maji yanaongezeka kwa asilimia 40 hivi. Na lita 5,000 ni tani 5 zilizokaa juu ya uwanja wanapocheza watoto. Stendi ndefu haijengwi kwa kukisia, tafadhali.

Anza na njia ya maji. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, upime muda kwa simu; kisha ijaze kwa bomba la chini la bafu hilohilo. La chini litawahi kidogo kwa sababu kimo chake ni kikubwa zaidi. Lakini likijaza kwa dakika moja na shawa ikachukua nne, mkosaji ni shawa.

Tulipoifungua ya dada, matundu yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe, mgumu kama wa ndani ya birika. Maji ya kisima chake yana chokaa nyingi. Tuliilaza usiku kucha kwenye siki. Ukoko ukatoa mapovu, ukalainika, asubuhi tukazibua tundu mojamoja kwa sindano. Kama yako ni shawa ya umeme, zima swichi kubwa ya nyumba kabla hujaigusa.

Halafu tukafuata bomba. Kutoka tangini lilikuwa la nusu inchi, lenye elbo (viungo vya kona) tisa, na koki moja iliyofunguliwa nusu. Kupitisha maji kiasi kilekile, bomba la nusu inchi lina ukinzani mara kadhaa ya lile la robo tatu ya inchi, na kwa presha ndogo namna hii huna cha kupoteza njiani. Angalia pia kama bomba linapanda kisha linashuka: hewa hunasa pale juu, hasa tangi likiwa limekauka, na maji hushindwa kuisukuma.

Pampu ninaiweka mwisho. Ndogo ya kujiwasha yenyewe inatosha, na ifungwe baada ya tangi, si kwenye bomba la mtaani. Huko inawanyonya majirani, na penye ufa inavuta tope kuliingiza nyumbani kwako.

Dada hakuhitaji pampu. Alibadilisha bomba la kutoka tangini kuwa la robo tatu, akapunguza elbo hadi nne. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa dakika sita, sasa inajaa kwa moja na nusu.