Mbwa Mgeni Nyumbani kwa Paka: Mwulize Paka Kwanza

Paka dume aliletwa kliniki kwangu akiwa amejikunyata kwenye kona ya kikapu chake, kimya, hataki kuguswa tumbo. Nilipompapasa nilikutana na kibofu kigumu kama chungwa bichi. Hakuwa amekojoa tangu siku iliyotangulia. Nikamuuliza mwenye paka kilichobadilika nyumbani. Chakula ni kilekile, akasema, maji ni yaleyale, kipya ni mbwa tu, waliyemchukua kwenye makao ya wanyama wiki mbili nyuma. "Lakini daktari, mbwa hana neno naye. Hata siku moja hajamkimbiza. Analala tu koridoni."

Koridoni humo ndimo paka alimopaswa kupita kwenda kwenye trei yake ya mchanga.

Waswahili walishasema, akufukuzaye hakwambii toka. Mbwa yule hakubweka wala hakuonyesha meno. Alijinyoosha tu njiani, na paka akawa anajizuia saa baada ya saa. Hofu ya muda mrefu ni moja ya mambo yanayochochea kuvimba kwa kibofu cha paka, na kwa dume, ambaye mrija wake wa mkojo ni mwembamba sana, uvimbe huo unaweza kuishia kwenye kuziba kabisa. Hiyo ni dharura ya saa chache. Ukisubiri kesho, unaweza kumpoteza. Huyu tulimwahi, tukamwekea mpira wa kutolea mkojo, akarudi nyumbani baada ya siku kadhaa. Dawa niliyosisitiza zaidi wakati wa kuwaruhusu ilikuwa kuhamisha ile trei, na kuongeza ya pili upande wa pili wa nyumba.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu kuleta mbwa kwenye nyumba yenye paka huuliza jambo moja: je, atamuuma? Ni swali la haki. Lakini mimi nataka kujua kwanza paka anakula wapi, anakojoa wapi, na analala wapi tangu mgeni aingie. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, uliangalia nyumba zenye wanyama wote wawili, ukaona kwamba kilichoashiria zaidi uhusiano mzuri ni paka kuwa na amani mbele ya mbwa. Ndicho ninachokiona kazini kila mara. Mbwa wengi huzoea. Paka ndiye anayepanga mwendo, na tukimpita tunalipa baadaye.

Maandalizi yanaanza kabla mbwa hajavuka kizingiti. Mpe paka chumba kimoja ambacho mbwa hataingia kamwe, chenye chakula, maji, trei, na mahali pa kujificha. Halafu tazama nyumba yako yote kwa macho ya paka, kutoka juu kwenda chini. Je, anaweza kuvuka sebule bila kukanyaga sakafu? Rafu imara, juu ya kabati, mgongo wa kochi, dirisha pana: hizo ndizo barabara zake. Na kila kona anayopenda iwe na njia mbili za kutokea, maana paka aliyebanwa mahali penye njia moja hana budi kupigana. Chakula chake kipandishe juu, na trei iwe mahali ambapo mbwa hafiki, kwa kuwa mbwa wengi hula kinyesi cha paka bila aibu, na paka asiyejisaidia kwa utulivu hutafuta zulia.

Mbwa naye apimwe kwanza: chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, ngozi na masikio. Na hapa nawasihi sana. Baadhi ya dawa za matone za viroboto na kupe zinazowekwa mgongoni mwa mbwa zina permethrini, na ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo. Paka hutetemeka, hupata degedege, na anaweza kufa. Wala si lazima umpake yeye. Akimlamba mbwa aliyepakwa, au akilala ubavuni mwake kabla dawa haijakauka, inatosha. Mwambie daktari wako waziwazi kwamba nyumbani kuna paka, akuandikie dawa nyingine.

Mbwa akishafika, siku za kwanza wasionane kabisa. Watu hukosa subira hapa, na siwalaumu, furaha ya kumleta mgeni ni kubwa. Lakini mbwa aliyetoka makaoni bado hajajua choo kiko wapi, na wewe mwenyewe bado anakusoma ulivyo. Ubongo wake umejaa. Ukimwongezea paka juu ya hayo, unampa mtihani ambao hajafundishwa.

Waache wajuane kwa pua kwanza. Paka hujenga ramani ya nyumba yake kwa harufu: anaposugua shavu kwenye mguu wa meza anaacha feromoni, yaani kemikali za harufu, zinazomwambia kwamba hapa ni salama. Mgeni anayevunja ramani hiyo kwa ghafla ni tishio kabla hata hajaonekana. Chukua kitambaa laini, mpanguse paka mashavuni, kiweke karibu na bakuli la mbwa. Kingine mpanguse mbwa, kiache sakafuni kwenye chumba cha paka, mbali na chakula chake, aje mwenyewe akinuse. Usimsogezee puani. Siku ya kwanza atakinusa na kurudi nyuma, pengine atafoka. Siku atakapokinusa, akajilamba begani, kisha akaenda kula, umepiga hatua. Ndipo uanze kuwalisha kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, bakuli zikiwa mbali, kisha ukizisogeza kidogokidogo.

Ni siku ngapi? Nimeona nyumba zilizomaliza hatua hii kwa siku nne na nyingine kwa mwezi.

Kuonana kunahitaji kizuizi na kamba, vyote viwili. Geti la watoto mlangoni, mbwa amevaa mkanda wa kifuani, kamba iko mkononi mwako lakini imelegea, na wewe una vipande vidogo vya nyama. Awe ametembezwa vya kutosha kabla. Paka aje kwa miguu yake. Tafadhali usimbebe mikononi umsogeze kwa mbwa "wasalimiane", wala usimfungie kikapuni mbele yake. Umemnyima kitu kimoja kinachomtuliza, nacho ni uwezo wa kuondoka. Makovu mengi niliyoshona kwenye mikono ya watu, samahani, niliyowapeleka kwa madaktari wa binadamu wakashonwe, yalitokana na salamu za namna hiyo.

Sasa mtazame mbwa, uso hasa. Mbwa mwenye udadisi humwona paka, masikio yanacheza, mdomo uko wazi kidogo, kisha anageuza kichwa, ananusa sakafu, anapiga mwayo, anakutazama wewe. Anapogeuka tu kukuangalia, mpe nyama papo hapo. Ndilo somo lote: paka akitokea, mbwa amtafute mwenzake wa kibinadamu. Mbwa anayewinda ana sura nyingine. Mdomo unafumba. Mwili unakakamaa kuanzia shingoni, uzito unahamia mbele, pengine mguu mmoja wa mbele unanyanyuka na kubaki hewani. Macho hayapepesi. Ukimwita jina ni kama hujasema kitu. Mimi hesabu yangu ni tatu: akikodoa kwa sekunde tatu bila kuweza kujing'oa, namwondoa, taratibu, bila kelele, tunarudi kwenye umbali ambao anaweza kunisikia. Wenye mbwa huhofia yule anayebweka na kurukaruka. Mimi humhofia zaidi yule aliye kimya. Kutazama na kunyemelea ni mwanzo wa mnyororo unaoishia kwenye kukimbiza na kung'ata, na mbwa wa jamii ya wawindaji kwa macho, kama greyhound, wanaweza kuumaliza kabla hujavuta kamba.

Mtazame paka vilevile, kwa sababu lugha zao zinagongana. Mbwa anayechezesha mkia mara nyingi ana msisimko wa urafiki. Paka anayechapa mkia huku na huku amekereka. Mbwa akilala chali huwa anaomba amani. Paka aliyebanwa akilala chali amejiandaa kupigana kwa makucha yote manne. Mbwa asiyejua tofauti hii husogeza pua, na ukucha mmoja ukigusa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ni kidonda cha jicho, hasa kwa mbwa wenye macho yaliyotokeza kama pug. Habari njema ni kwamba wanaweza kujifunza lugha ya mwenzao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walilionyesha hilo mwaka 2008, wakaona pia kwamba mambo huwa mepesi zaidi paka akianza kuishi na mbwa kabla ya miezi 6, na mbwa kabla ya mwaka 1. Mbwa wengi wanaochukuliwa makaoni wamepita umri huo, kwa hiyo wape muda mrefu zaidi, bila kukata tamaa.

Geti likiondolewa, kamba ibaki ikiburuzika sakafuni kwa wiki kadhaa. Paka akikimbia na mbwa akaanza kumfuata, kanyaga kamba. Usipige kelele, kelele huongeza moto. Mara moja ya kukimbiza hufuta kazi ya siku nyingi, maana kukimbiza kwenyewe ni raha na mbwa atataka tena. Na ukitoka nyumbani au ukilala, watenganishwe kwa mlango, kwa miezi ya mwanzo yote, hata kama jana walilala zulia moja.

Katika kipindi hiki chote angalia bakuli na trei ya paka kila siku. Paka asiyekula siku mbili mfululizo, hasa mnene, aletwe kwa daktari, kwa sababu mafuta huanza kujaa kwenye ini lake. Anayekwenda kwenye trei mara kwa mara bila kutoa mkojo aletwe saa ileile.

Yule dume wa koridoni alichukua wiki saba. Mwenye paka alinitumia picha ya siku ambayo yeye mwenyewe aliiona ya kawaida tu: paka amelala juu ya kochi, mbwa yuko chini, na paka amempa mgongo. Paka hampi mgongo anayemwogopa. Nilifurahi mno.

Wengine hawafiki hapo. Mbwa akiendelea kukakamaa kila akisikia kengele ya paka, wiki baada ya wiki, ukiwa umefanya yote haya na mtaalamu amekusaidia, basi huyo ni mbwa wa nyumba isiyo na paka. Kumrudisha kunauma, na nimewashika mikono watu waliolia mbele yangu kwa ajili hiyo. Mkifanya hivyo, waandikieni watu wa makaoni kila mlichokiona: alikaa umbali gani, alifanya nini paka alipokimbia, alisikia jina lake au hakusikia. Karatasi hiyo ndiyo itakayomfikisha kwenye familia inayomfaa, na itamlinda paka wa nyumba ambayo angepelekwa bila wao kujua.