Memori Ikikosekana Katikati ya Kuchora Bango: Dhana Potofu na Ukweli

Kuna duka la uchapishaji Kariakoo linalotumia programu ya kupangia mabango niliyoiandika kwa lugha ya C. Ijumaa moja jioni mteja alikuwa anasubiri bango la sendofu, mita 3 kwa mita 1. Dada anayepanga picha akaweka ubora wa pikseli 300 kwa inchi, akabonyeza kuchapa, na programu ikajifunga hapohapo. Kazi ya saa mbili ikapotea mbele ya mteja. Kosa lilikuwa langu: malloc, amri ya C ya kuomba memori, ilirudisha NULL, yaani jibu la kwamba ombi limekataliwa, nami sikuiangalia. Nilipowasimulia waandishi wenzangu wa programu, nilisikia maelezo mengi ambayo si kweli, na mengine niliwahi kuyaamini mwenyewe.

"Memori ikiisha hakuna la kufanya, acha programu ife." Hii ndiyo inayowaumiza watumiaji zaidi. Tupige hesabu ya bango lile. Mita 3 kwa ubora huo ni pikseli 35,433, na mita 1 ni pikseli 11,811. Kila pikseli inakula baiti 4, yaani rangi tatu pamoja na uwazi. Jumla ni baiti 1,673,996,652, karibu GB 1.7, zinazotakiwa kwa mkupuo mmoja. Ombi hilo likikataliwa, haina maana kwamba kompyuta imekauka. Kilichokosekana ni fungu moja kubwa kiasi hicho. Kilobaiti chache za kuonyesha onyo na kuhifadhi faili la mteja kwa kawaida bado zipo. Bango lenyewe bado linachoreka pia: lichore kwa vipande vya mistari 256, kila kimoja kinahitaji MB 36 hivi, kitume kwenye printa, kisha tumia nafasi ileile kwa kipande kinachofuata. Au mshauri mtumiaji ashushe ubora hadi 100. Memori inayohitajika itagawanyika kwa 9, na wageni wanaolitazama bango kutoka nyuma ya ukumbi hawataona tofauti.

"Siku hizi malloc haishindwi." Wanaosema hivi wanaifikiria Linux, ambayo ina desturi ya kukubali maombi ya memori kabla ya kuwa nayo mkononi. Lakini ahadi ni deni. Programu inapoanza kuandika kwenye kurasa (vipande vya memori) ilizoahidiwa na RAM ikawa haitoshi, mfumo huchagua programu moja na kuiua bila kuipa nafasi ya kuaga. Hata hiyo Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa ombi lililopita kiasi waziwazi. Windows, iliyoko kwenye maduka mengi ya uchapishaji, haiahidi zaidi ya jumla ya RAM na faili lake la akiba kwenye diski. Tena programu ya biti 32 kwenye Windows hupewa GB 2 tu za anwani za memori kwa kawaida, hata kama mashine ina RAM ya GB 16. Yangu ilikuwa ya biti 32. Kupata GB 1.7 zisizokatika humo ni karibu muujiza.

"Picha ni ya MB 3, itakula MB 3." Hapana. Hizo ni za JPEG iliyobanwa. Picha ya simu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ikifunguliwa ni MB 48.

"Nimeshaweka sharti la NULL, nimemaliza." Hapa ndipo penye hatari hasa. Chukua bango la mita 6 kwa mita 2 kwa pikseli 300 kwa inchi: linahitaji baiti 6,695,986,608. Ukizidisha upana, urefu na 4 kwa namba za biti 32 zisizo na alama ya hasi, jibu linazidi ukomo wa namba hizo, linamwagika na kubaki 2,401,019,312. Malloc inaweza kukupa GB 2.4 hizo bila lalamiko lolote, NULL haionekani, kisha unaanza kuandika GB 6.7 ndani yake. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba kuzidisha hakumwagiki, ndipo uombe. Realloc, amri ya kubadilisha ukubwa wa memori uliyokwisha kupewa, nayo ina mtego wake: ukiandika p = realloc(p, n) na ombi likashindwa, anwani ya zamani iliyokuwa kwenye p umeipoteza ilhali memori yake bado imeshikiliwa. Pokea jibu kwenye kigezo kingine kwanza.

Isitoshe, si kila laibrari (mkusanyiko wa funksheni zilizokwisha kuandikwa) inarudisha NULL. Cairo, inayotumika sana kuchorea michoro ya pande mbili, hukurudishia kitu kinachoonekana kizima lakini kimebeba alama ya kosa. Ukiendelea kukichorea, amri zinapita kimya na hakuna kinachochorwa. Lazima uiulize hali yake kwa cairo_surface_status. Na kwa kuwa picha zake za kwenye memori zina ukomo wa pikseli 32,767 kila upande, bango letu la pikseli 35,433 lingekataliwa hata na mashine yenye RAM ya GB 64.

Kwenye GPU, yaani kadi ya michoro, OpenGL inayotumika kuichorea ikisema GL_OUT_OF_MEMORY (memori imekwisha), hali yake baada ya hapo haijulikani tena, hivyo usiendelee kuchora kana kwamba hakuna kilichotokea. Vulkan, inayofanya kazi hiyohiyo, iko wazi zaidi: kosa namba -1 ni memori ya kompyuta imekosekana, -2 ni ya kadi ya michoro.

"Kosa hili huwezi kulijaribu mpaka RAM iishe kweli." Unaweza, kwenye kompyuta yoyote. Pitisha maombi yote ya memori kwenye funksheni yako moja yenye kihesabio. Ifanye ikatae ombi la kwanza, anza upya ikatae la pili, kisha la tatu, mpaka programu imalize kazi bila kukataliwa. Waandishi wa SQLite huijaribu hifadhidata yao kwa njia hiyo. Nilipofanya hivyo, nilikuta sehemu nyingine ambako nilikuwa nikifuta mchoro wa zamani kabla ya kupata nafasi ya mpya, kwa hiyo ombi likikataliwa mtumiaji anakosa vyote viwili. Sasa mpya hupatikana kwanza, na pale dukani bango likizidi uwezo, dirisha linasema: "Memori haitoshi kwa ukubwa huu. Kazi yako imehifadhiwa. Punguza ubora au chapa kwa vipande."