Kapteni Eric Wilson wa Tug Argan: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Dhana: Wilson alifia vitani.

Hata jeshi lake, la Uingereza, liliamini kwamba alifia Tug Argan, katika Somalia ya Waingereza (Somaliland), wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika majeshi ya Uingereza, ulitangazwa Oktoba 1940 kwa heshima ya marehemu. Kumbe yu hai, mateka wa Waitaliano huko Eritrea! Habari za nishani yake alizipata humohumo kambini, kutoka kwa mfungwa mwenzake aliyeletwa baadaye. Waingereza walipoiteka Eritrea mwaka 1941 akawa huru, na mwaka uliofuata akavishwa nishani na Mfalme George VI. Alifariki 2008 akiwa na miaka 96.

Dhana: Alituzwa kwa ushindi.

Hapana. Agosti 1940 Waitaliano waliivamia Somalia ya Waingereza, na njia ya kwenda bandari ya Berbera ilipita Tug Argan, pengo kati ya vilima. Waingereza walishindwa, wakaondoka kwa meli. Kilichotuzwa ni ule ukaidi wa Wilson wa kushikilia kilima kimoja cha pale kuanzia tarehe 11 hadi 15, mpaka kikazidiwa nguvu.

Dhana: Alipigana peke yake.

Hii ndiyo inayoniuma. Wilson alikuwa afisa wa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland, na bunduki za rasharasha pale kilimani alizipiga pamoja na askari wa Kisomali. Mizinga ya adui ilipowalenga, bunduki zilirushwa kutoka kwenye stendi zilizozibeba. Wilson akajeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto. Askari wake kadhaa nao wakaumia. Wilson akazitengeneza bunduki, akazisimamisha tena, akaendelea kupiga, huku sajini wake Msomali akiuawa ubavuni pake. Siku zilizofuata malaria ilimshika, na bado hakuacha bunduki. Maelezo rasmi ya nishani yanamtaja sajini huyo bila jina, na wasimulizi wengi hawamtaji kabisa. Mtu aliyekufa kwenye bunduki ileile, saa zilezile, anastahili kuwamo kila kisa hiki kinaposimuliwa.

Dhana: Baada ya vita aliipa Afrika mgongo.

Alirudi. Mwaka 1949 aliingia kazi ya utawala wa kikoloni Tanganyika, akaifanya hadi mwaka wa uhuru, 1961.