Krispi, soda na tambi za pakiti: kwa nini watu wanakula bila kushiba

Wengi wanaokuja kwetu kliniki ya lishe hapa Lamu wakiambiwa sukari imepanda kidogo, swali la kwanza ni moja tu, sasa niwache nini, wali wa nazi au mahamri? Mimi huwauliza kwanza kati ya mlo na mlo wanatia nini mdomoni, manake hapo ndo kwenye mambo. Soda ya saa nne, biskuti, krispi za mtoto anazozibakisha ukamalizia wewe, tambi za pakiti za usiku kwa vile umechoka kuingia jikoni. Vitu hivi hata mtu havihesabu, akiulizwa amekula nini leo atakutajia wali na samaki basi.

Kuna utafiti wa 2019 natamani kila nyumba ya Mkomani na Langoni iusikie. Mtafiti anaitwa Kevin Hall, wakati huo alikuwa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, NIH. Alichukua watu 20, wanaume 10 na wanawake 10, wakalazwa hospitali ya utafiti kule Bethesda wiki nne nzima, kila wanachokula kinapimwa. Wiki mbili wakapewa chakula kilichosindikwa sana kiwandani, wiki mbili chakula cha kupikwa kutoka vitu vyenyewe, nusu wakaanza na hiki nusu na kile. Na walikuwa makini sana, milo iliyoletwa mezani ililinganishwa kalori, sukari, mafuta, chumvi mpaka nyuzinyuzi, na kwa vile vya kiwandani havina nyuzinyuzi za maana ikabidi wazikoroge ndani ya limonadi ndo hesabu ikae sawa. Halafu wakaambiwa kuleni mtakavyo, mkitosheka wacheni.

Basi wale wale watu, wakiwa kwenye vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, ambayo ni kama robo ya chakula cha mtu mzima kwa siku, na kwa wiki mbili wakaongezeka karibu kilo moja. Wakiwa kwenye cha kupikwa wakapungua kiasi hicho hicho na hakuna aliyewaambia wajinyime.

Vya pakiti ni laini, vinateremka haraka, na walionekana kweli wakila kwa kasi zaidi, tumbo halijapata nafasi ya kuambia ubongo imetosha. Hata damu yao ilipopimwa, kwenye chakula cha kupikwa homoni ya kukata hamu ya kula ilikuwa juu. Watu 20 ni wachache na wiki nne ni muda mfupi, utafiti huu haukusema krispi zinaleta kisukari, ila umeonesha mtu anavyozidisha bila kujijua. Hiyo ziada ikiendelea miaka mafuta yanajaa tumboni na kwenye ini, insulini, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, haifanyi kazi sawasawa, kongosho linatoa zaidi na zaidi mpaka linashindwa, na hapo ndo sukari inapanda.

Sasa mahamri na viazi karai si vya kiwandani lakini msinielewe vibaya, unga mweupe na mafuta ya kukaangia ni mzigo pia, viwe vya mara moja moja. Mbaazi za nazi asubuhi mimi naziunga mkono kabisa, zina protini na nyuzinyuzi na zinashibisha mpaka adhuhuri, nazi tu isizidi.

Na wali hatuwanyimi watu. 2015 madaktari wa New York walijaribu watu 11 wenye kisukari, mlo ni ule ule ila siku nyingine wakaanza kuku na mboga, mkate na juisi vikafuata dakika 15 baadaye. Sukari ya baada ya saa moja ilikuwa chini kwa karibu asilimia 37 kuliko siku walipoanza na mkate na juisi. Kwa hivo sinia likija anza na samaki wa kupaka na mchicha, wali uje nyuma, na uwe kidogo kuliko ulivyozoea.

Najua bei. Hata kwenye utafiti wa Hall chakula cha kupikwa kilikuwa ghali zaidi, na kusi ikikaza samaki hawashikiki, ndo nasema kunde, mbaazi, pojo na dagaa viwemo nyumbani daima, na maji yachukue nafasi ya soda kwanza kabla ya kubadilisha kitu chengine chochote.

Chukueni utepe wa fundi cherehani mpime kiuno usawa wa kitovu, mwanamke ikifika sentimita 80 na mwanamume 94 njooni tupime sukari. Mje asubuhi hamjala tangu usiku, maji mnywe, chai hata ya rangi msinywe. Sukari ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi tutarudia siku nyingine kuhakikisha, ikiwa chini ya hapo lakini imefika 6.1 bado kuna nafasi kubwa ya kuirudisha kwa chakula na kutembea.